Chuo cha ufundi magari cha dola 45,000: mama wa Phoenix anauliza kama atie sahihi

SWALI: Fundi, salamu. Mimi ni mama wa watoto watano, mzaliwa wa Uvira. Tulikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Phoenix, Arizona. Kijana wangu wa pili ana miaka 19, amemaliza sekondari hapa, na sote tuna kadi ya kijani. Anapenda magari tangu utoto. Sasa kuna chuo binafsi kinamwita: wiki 51 tu anatoka fundi, gharama dola 45,000. Mtu wa udahili anapiga simu kila siku, na wiki hii amesema na mimi mzazi kuna karatasi ya mkopo nitie sahihi. Shemeji yangu anasema kijana aende chuo cha kaunti, bei ni ndogo lakini ni miaka 2. Kijana anaona miaka 2 ni mingi. Je, cheti cha chuo kile ndicho kinachompa mtu kazi? Na anunue sanduku la vifaa sasa hivi, maana wanasema wanafunzi wanapunguziwa bei?

JIBU: Shikamoo mama. Naanza na hiyo karatasi, kwa sababu ndiyo yenye haraka. Usitie sahihi wiki hii. Kwa jinsi ulivyoieleza, inaelekea ni mkopo wa serikali unaoitwa Parent PLUS. Huo si mkopo wa kijana. Ni wako wewe, kwa jina lako, na kijana akiacha chuo mwezi wa nne, wewe ndiye utakayeendelea kudaiwa.

Tuhesabu pamoja. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ikiwa kamili ni dola 7,395 kwa mwaka wa masomo. Nyinyi kwa kadi ya kijani mnaruhusiwa kuiomba kupitia FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo. Mkopo wa serikali kwa kijana anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi hauzidi dola 5,500 mwaka wa kwanza. Wiki 51 huvuka mwaka mmoja wa masomo kwa hesabu zao, kwa hiyo anaweza kuongezewa sehemu ya Pell na sehemu ya mkopo wa mwaka wa pili. Hata akiongezewa, kwenye 45,000 linabaki pengo la dola 25,000 hivi, na pengo hilo ndilo unaloletewa wewe. Dola 25,000 kwa riba ya asilimia 9, ambayo ndiyo riba ya Parent PLUS ilipocheza miaka hii ya karibuni, ukilipa kwa miaka 10 ni karibu dola 317 kila mwezi. Jumla utakuwa umelipa dola 38,000. Tena kuna ada ya zaidi ya asilimia 4 inayokatwa kabla pesa haijafika chuoni. Sheria ya mwaka 2025 imeweka kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, kuanzia Julai 2026. Lakini kikomo si msaada, mama. Pengo likizidi hapo, watakuletea mkopo wa benki binafsi wenye masharti magumu zaidi, na watataka uwe mdhamini.

Kwa nini simu kila siku? Vyuo hivi ni biashara, na mapato yake mengi hutoka serikalini kupitia kwa mwanafunzi. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 10 ya mapato ya chuo cha faida itoke nje ya fedha za serikali kuu. Mwaka 1992 ilianza ikiwa 15, ikashushwa kuwa 10 mwaka 1998. Ina maana 90 kwa 100 zinaweza kutoka serikalini na chuo kikawa hakijavunja sheria yoyote. Huyo anayepiga simu anafanya kazi aliyoajiriwa kufanya, simlaumu. Nataka tu ujue kwamba sauti yake ya upole haikupi ushauri. Inakuuzia kitu.

Sisemi vyuo hivi vyote ni vibaya. Hukutaja jina la chuo na mimi sitakisia. Vya namna hii vipo vya muda mrefu: UTI (Universal Technical Institute) ilianzia hapo hapo Phoenix mwaka 1965, Lincoln Tech ni ya New Jersey tangu 1946, WyoTech ni ya Laramie, Wyoming, tangu 1966. Nimefanya kazi na mafundi waliotoka vyuo vya namna hii ambao nikiwaachia injini iliyofunguliwa nalala usingizi. Vyuo vikubwa vina vifaa ambavyo gereji nyingi hazina, vingine vina kozi za kampuni moja kama BMW au Ford, na kuna waajiri wanaokubali kulipa sehemu ya deni la kijana akikaa kwao miaka kadhaa. Kama chuo kinakuambia hilo lipo, ulipate kwa maandishi kutoka kwa mwajiri mwenyewe.

Ila historia ya WyoTech uijue. Mwaka 2002 ilinunuliwa na kampuni ya Corinthian Colleges, iliyokuwa na vyuo vya kila namna nchi nzima. Ilipofika Aprili 2015 Corinthian ilifunga milango yake ya mwisho, baada ya serikali kuibana kwa kudanganya kuhusu wahitimu waliopata kazi. Wanafunzi walibaki na madeni. Ilichukua hadi Juni 2022 ndipo serikali ikafuta dola bilioni 5.8 za watu 560,000. WyoTech yenyewe ilipita mikononi mwa wengine na bado inafundisha Laramie. Kwa hiyo kosa halikuwa kufundisha ufundi. Kosa lilikuwa kwenye ahadi, na ahadi ndicho kitu unachopewa wewe kwenye simu.

Sasa swali lako la cheti. Hapa Marekani, cheti cha chuo kinamfikisha kijana mlangoni kwa meneja wa gereji. Kinachoheshimiwa kazini ni mitihani ya ASE, taasisi ya kuthibitisha mafundi wa magari iliyoanza 1972. Kwa magari madogo ya kawaida mitihani ni minane, A1 hadi A8: injini, giaboksi ya otomatiki, giaboksi ya mkono na difu, shokapu na usukani, breki, umeme, kiyoyozi, na utendaji wa injini. Akifaulu yote minane na kuwa na uzoefu unaotakiwa anaitwa fundi mkuu. Uzoefu huo ni miaka 2 ya kazi, na masomo yanaweza kuhesabiwa kama mwaka mmoja. Kila baada ya miaka 5 unathibitisha upya. Sasa ona jambo hili: masomo ya chuo cha kaunti nayo yanahesabiwa. ASE haiulizi ulilipa kiasi gani.

Mimi nilianza Tanga nikimshikia mjomba tochi chini ya Land Rover, nikaja kusoma tena huku ukubwani, na sasa ni mwaka wa 17 nafanya kazi hii Marekani. Nikuambie kilichotokea gerejini kwetu, kisha utaelewa kwa nini nasisitiza neno moja, mkono. Alikuja kijana mwenye cheti kipya, mpole, mwenye bidii. Gari lilikuwa linapiga stata kivivu, kama mtu anayeamka na homa. Betri ilikuwa na volti 12.6, nzima kabisa. Kijana akasema stata imekufa, akaanza kuifungua ili iagizwe nyingine. Nikamsimamisha, nikampa multimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili. Ncha nyekundu juu ya kichwa chenyewe cha chanya cha betri, si juu ya kibano cha waya. Ncha nyeusi kwenye boliti ya stata inayopokea waya ule mnene. Mwenzake akapiga stata. Hapo mita isizidi nusu volti. Ilisoma 1.8. Yaani karibu volti mbili zilikuwa zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye stata. Tulipovua kifuniko cha plastiki cha kibano tukakuta unga wa kijani na mweupe umejaa ndani. Brashi ya waya, dakika kumi, gari likawaka kwa mguso mmoja. Mteja angelipia stata mpya bila sababu, kisha angerudi na ugonjwa ule ule.

Nikamuuliza, hamkufundishwa kipimo hiki? Akasema walifundishwa, ila walikuwa wengi wamezunguka gari moja na mwalimu ndiye aliyeshika mita. Aliona. Hakushika. Kipimo hicho hakina gharama yoyote ya kufundisha zaidi ya muda wa kila mwanafunzi kukifanya yeye mwenyewe, tena na tena, kwenye gari lenye ugonjwa.

Kwa hiyo, mama, msiende siku ya maonyesho ambapo magari ya mashindano yamepangwa ukumbini yanang'aa. Nendeni Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, mkaombe kusimama karakana. Mhesabu wanafunzi kwa mwalimu mmoja. Tazameni mikono: wangapi wameshika spana na wangapi wameshika simu? Kijana aulize kama magari ya mafunzo yana hitilafu za kweli au ni injini zile zile juu ya stendi zinazofungwa na kufunguliwa kila muhula. Aulize magari ya haibridi yanafundishwa kwa vitendo au kwa picha, maana mfumo wa volti zaidi ya 200 haujifunzwi kwenye picha, ni wa kuua mtu. Halafu waulizeni hivi: mnaposema wahitimu wenu wamepata kazi ya fani, anayebadilisha matairi na oili mnamhesabu? Wakisita, mmeshajibiwa. Wizara ya Elimu ya Marekani ina tovuti ya bure iitwayo College Scorecard inayoonyesha deni na mapato ya waliosoma chuo fulani. Kijana aifungue mbele yako akusomee.

Na mkataba: uombeni mkae nao nyumbani. Usitie sahihi Kiingereza usichokielewa hata kama anayekutafsiria ni mwanao, kwa sababu mwanao anautaka mkataba huo kwa moyo wake wote. Tafuteni mtu wa shirika lililowapokea au mtu wa kanisani aliyezoea karatasi. Asome kipengele cha kughairi, ambacho kwa kawaida ni siku 3 za kazi, na kipengele cha marejesho. Mwanafunzi akiacha kabla ya kufika asilimia 60 ya kipindi, chuo hurudisha serikalini sehemu ya msaada, na mara nyingi salio linageuka deni lake kwa chuo.

Sasa shemeji yako. Namuunga mkono. Vyuo vya jamii vya kaunti ya Maricopa vinafundisha ufundi magari GateWay, Glendale na Mesa. Ada kwa mkazi mwaka 2024 ilikuwa dola 97 kwa krediti, yaani kipimo cha masomo wanachotozea ada. Krediti 60 ni dola 5,820, na Pell ya miaka 2 inazimaliza bila mkopo hata wa senti moja, na nyingine inabaki ya vitabu na vifaa. Muulizeni mshauri wa chuo kama kuna nafasi kwenye mafunzo yanayoendeshwa na watengenezaji, kama T-TEN ya Toyota au ASEP ya General Motors. Humo kijana husoma kipindi fulani chuoni na kipindi kingine yuko kazini kwenye gereji ya wakala wa kampuni hiyo.

Mwambie kijana miaka 2 si mingi kama anaifanya akiwa ndani ya gereji. Aombe kazi sasa hivi ya kubadilisha oili na matairi. Watu wanaidharau, lakini pale atajifunza kunyanyua gari kwenye lifti bila kulibonyeza pabaya, kusikia breki iliyokwisha, na kufuata muda. Na afanye mtihani wa Section 609 unaomruhusu kushughulikia gesi ya kiyoyozi cha gari kwa malipo. Unafanywa nyumbani, kitabu kikiwa wazi, ada yake ni ndogo. Phoenix kwenu joto la Julai linavunja viyoyozi kila siku, na kijana aliyefaulu mtihani huo anatazamwa tofauti.

Kuna jambo ambalo watu wa udahili hawalisemi kabisa. Gereji nyingi za mawakala hapa zinalipa kwa saa za kitabu, yaani kitabu kinachopanga kila kazi ihesabiwe saa ngapi. Kitabu kikisema pampu ya maji ni saa 2.5, unalipwa saa 2.5. Ukimaliza kwa saa moja na nusu, heri yako. Boliti ikikatikia ndani ukakesha nayo saa tano, bado ni 2.5. Mgeni wa kazi huchukua miaka kabla ya kukifikia kitabu. Kijana anayeanza mfumo huo akiwa hana deni anaweza kuvumilia na kujifunza. Mwenye dola mia kadhaa za kulipa kila mwezi huanza kuharakisha, na kuharakisha ndiko kunakoacha nati ya gurudumu bila kukazwa. Nimeona vijana wazuri wakiiacha fani kwa sababu hii tu, na ilinisikitisha, kwa sababu mikono yao ilikuwa mizuri.

Sanduku la vifaa: asinunue lile kubwa. Ni kweli hapa fundi hununua vifaa vyake mwenyewe, na ni kweli wanafunzi wanapunguziwa bei, lakini punguzo hilo lisubiri hadi yuko darasani na ameona anachokitumia. Kwa sasa seti ya spana za milimita 8 hadi 19, soketi zake, bisibisi nzuri, tochi ya kichwani, na multimita yake mwenyewe. Multimita asimwazimishe mtu. Ajipime nayo leo kwenye gari lako, kipimo kile cha stata nilichokieleza, kisha akuandikie namba aliyoisoma.