Kabla hujaandika "mwanafunzi wa David"

Wadogo zangu, nimemaliza kusoma rasimu zenu juu ya wachoraji wa kike wa Ufaransa. Benoist, "mwanafunzi wa David". Gonzalès, "mwanafunzi wa Manet". David na Manet, wachoraji wa kiume wenye majina makubwa. Kila mchoraji wa kike anaingia akisindikizwa na mwalimu wake, na mwanamke aliyekaa mbele yake achorwe hapati hata sentensi moja. Nawapenda, ndiyo maana sinyamazi.

1. Anzeni na aliyechorwa. Mimi sikuanza naye. Tasnifu yangu ilikuwa na kurasa kumi na moja juu ya picha ya Charlotte du Val d'Ognes ya mwaka 1801, iliyoko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York: binti wa gauni jeupe, nyuma yake dirisha lenye kioo kilichopasuka. Katalogi kuukuu ya maktaba ilisema ni kazi ya David, nami nikasifu "mkono wa kiume" kurasa zote hizo. Siku ya utetezi, mtahini wa nje, mama mtu mzima, aliniuliza kwa upole: David alipeleka kazi Salon ya 1801, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris? Sikujua. Aliisusia, na picha ile inaonekana katika mchoro wa chapa unaoonyesha ukuta wa Salon hiyohiyo. Mwanahistoria wa sanaa Charles Sterling alikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1951. Leo jumba linaandika kuwa mchoraji ni Marie-Denise Villers. Kisha mtahini akauliza: huyu binti anafanya nini? Nikajibu, amekaa. "Anachora, mwanangu. Tazama ubao." Nilikuwa nimeitazama picha ile miaka miwili. Aibu ya siku ile bado inanichoma. Nilirudia sura nzima kwa miezi mitano.

2. Orodha za Salon zikae mezani, mjue nani alionyesha nini.

3. Msiandike kwamba mchoraji Berthe Morisot "alipendelea" mambo ya nyumbani. École des Beaux-Arts, shule kuu ya sanaa ya Paris, haikupokea wanawake hadi 1897. Alichora waliokuwa karibu naye. Na hao walikuwa akina nani? Yule mama wa picha yake Le Berceau (Kitanda cha Mtoto), 1872, ambaye mmoja wenu kamwita "mama fulani", ni Edma, dada yake. Walijifunza pamoja kwa mchoraji Corot, wakaonyesha pamoja Salon ya 1864. Edma akaolewa 1869, akaacha kuchora. Miaka mitatu baadaye dada yake anamchora kando ya kitanda cha mwanawe Blanche, mkono mmoja shavuni, mwingine umeshika chandarua, akikivuta kati yetu na mtoto.

Rasimu hiyo irudi Ijumaa ikiwa na jina lake.