Maswali yenu: nyati, watoto, na bunduki za kujionyesha

Kaka, bunduki yangu ya .308 (kipenyo cha risasi kwa inchi) inatosha kwa nyati?
Haitoshi. Na hili naulizwa kila wiki jamani, someni masharti kabla hamjalipia kitalu, yaani eneo la kuwindia! Hapa Tanzania nyati, simba, tembo ni .375 kwenda juu. Hiyo .308 kapigie swala pala.

Basi ninunue .458 kabisa? Mwili ninao.
Mwili sio mazoezi. Mtu anashuka na bunduki mpya bado inanukia dukani, kapiga risasi chache tu tena amekaa mezani, siku yenyewe anafumba macho kabla hajavuta triga maana anajua teke linakuja. Nyati akipigwa tumbo haanguki hapo, anazama kichakani, anazunguka anasimama pembeni ya nyayo zake mwenyewe anawasubiri, na anayetangulia kumfuata sio wewe uliyelipa, ni mtafuta nyayo na mwindaji bingwa anayekuongoza, nao wana watoto nyumbani. Chukua .375, fanya mazoezi umesimama, bunduki juu ya vijiti vitatu vya kulengea, anza miezi kabla. Ya kwanza risasi laini, ile inayopanuka ikigonga, zinazofuata ngumu, zisizopanuka ila zinapenya ndani. Hela itakayobaki nunua viatu, uvivae mtaani mpaka vilainike.

Mimi ni mfupi, mume wangu anasema nitumie bunduki yake tu.
Mwambie hapana. Kitako cha bunduki kikiwa kirefu hakikai begani, kinatelezea mkononi na wewe unaegemea nyuma kutafuta balansi. Ulizia kampuni kama wana ya kuazima inayokufaa. Na darubini ya kulengea ikae mbali na jicho, vinginevyo itakuchana nyusi.

Tuko Nairobi, tunataka kuwinda Mara na familia Agosti.
Mmechelewa, Kenya ilifunga uwindaji 1977.

Watoto wangu wana miaka 9 na 14, waje? Tumeshawanunulia nguo za mabaka.
Kambini waje, ila kufuata nyati kwa miguu huyo wa 9 abaki, mtoto akichoka analia na akilia siku imeisha kwa wote. Wa 14 namwachia mwindaji bingwa aamue, sio wewe baba mtu. Ulizeni mapema ada ya wasiowinda, dawa za malaria msisahau. Nguo za mabaka acheni hukohuko, hapa raia haruhusiwi kuvaa sare za kijeshi, mtajieleza eapoti mpaka jioni. Na nyeusi na bluu pia hapana, ndorobo wanazipenda mno, wanang'ata hadi juu ya jinzi. Kaki au kijani iliyopauka inatosha, haihitaji kuwa ya bei mbaya.

Kuna jamaa anatuuzia safari ya kuwinda Nyerere, bei nusu.
Tapeli huyo. Nyerere ni hifadhi ya taifa tangu 2019, ilimegwa kutoka Selous, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa kitalii. Vitalu vimebaki upande uliobaki pori la akiba. Mwombeni jina la kitalu na leseni ya kampuni, halafu pigeni simu TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania, wenyewe, msitumie namba atakayowapa yeye.