RAM, SSD, Mbps: kwako unayeanza kazi ya kompyuta

Wengi wanaoingia kwenye kompyuta huanza kwa kukariri. Wanajaza daftari vifupisho kama CPU, RAM na USB, wanafaulu mtihani wa cheti, halafu mteja analeta laptopu inayokwenda polepole na hawajui waanzie wapi. Kwako unayeanza, ushauri wangu ni huu: kila kifupisho kiulize kinafanya kazi gani, na kikizidiwa au kikiharibika utaona nini.

Anza na RAM, maana ndiyo inayochanganya watu zaidi. Umeandika barua, hujaihifadhi, umeme umekatika: barua imekwenda. Ilikuwa kwenye RAM, ambayo hushika kazi zilizofunguliwa tu na hufutika umeme unapoondoka. Ungeihifadhi ingeandikwa kwenye diski, na huko hukaa hata mashine izimwe mwezi mzima. Kwa hiyo mteja akisema laptopu yake ina GB 500 lakini ni nzito, jua hizo 500 ni za diski. Muulize RAM ngapi. Windows 11 inadai angalau GB 4, lakini ukifungua Excel na kurasa kadhaa za intaneti kwa pamoja, 4 ni taabu. Mimi simshauri mtu anunue chini ya 8.

Diski yenyewe ni HDD au SSD. HDD ina visahani vinavyozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, ndiyo maana kuidondosha ikiwa inafanya kazi ni hatari kubwa. SSD haina kinachozunguka na inasoma kwa kasi zaidi. Mashine ya zamani ikiwa na RAM ya kutosha na bado inachukua muda mrefu kuwaka, mbadilishie HDD kwa SSD kabla hujamwambia anunue nyingine. Ni fedha ya mtu, na mara nyingi imepatikana kwa shida.

VGA na HDMI, za kuunganisha skrini, hazihitaji somo. Ukiyaona matundu yake mara moja umeyajua.

Mbps, kipimo cha kasi ya intaneti, inataka utulivu. Herufi b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha Mbps 20 kikiwa katika ubora wake hushusha faili kwa MB 2.5 kwa sekunde. Kabla mteja hajagombana na kampuni ya intaneti, msaidie kugawanya kwa 8. Vivyo hivyo diski ya TB 1, yaani GB 1,000, kwenye Windows husomeka takribani GB 931: kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Hajaibiwa.

Na HTTPS, ile ya mwanzoni mwa anwani ya tovuti, tafadhali, usimfundishe mtu kwamba maana yake tovuti ni salama. Inaficha mawasiliano yako na tovuti hiyo yasisomwe njiani, basi. Tapeli naye anaweza kuiweka kwenye tovuti yake. Mwambie asome jina la tovuti herufi kwa herufi kabla ya kuandika nywila.

Leo ukiwa mbele ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Utaona CPU (ubongo wa kompyuta), RAM (imeandikwa Memory) na diski zikipanda na kushuka. Fungua programu moja moja, utazame ipi inayojaa kwanza.