Jibu: Nianze vipi kupiga picha za uchafuzi wa Mto Nairobi?

Ndugu, umeuliza ununue lenzi gani ndipo uanze. Lenzi iache kwanza. Chagua sehemu moja, tuseme ukingo wa mto pale Korogocho, urudi kila mwezi, usimame palepale, saa ileile. Picha moja ya maji meusi tumeshaiona mara elfu. Kumi na mbili za ukingo uleule ndizo zinazoonyesha mto ulivyopanda na kilichobaki uliposhuka.

Mafuriko ya Aprili 2024 kule Mathare nilipiga picha nyingi za maji na mabati yaliyong'oka. Siku hizi wala sizitazami. Ninayoirudia ni ya ukuta wa chumba kimoja: mstari wa matope umepita juu ya kalenda, na kando yake sare ya shule inaning'inia kwenye msumari, imekauka kama gamba.

Dandora usiingie peke yako. Dampo lile lipo tangu miaka ya 1970 na lina wenyewe. Tafuta mwenyeji, wasalimie waokota taka, uombe ruhusa kabla ya kuinua kamera. Watoto usiwaonyeshe nyuso. Na tarehe na mahali viandike usiku huohuo. Mimi nina picha nzuri ambazo haziuziki kwa sababu ya uvivu huo tu.