Nimefungua kadi saba za krediti ili nipandishe skoa Marekani, je nimeingia kwenye riba?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Mombasa, naishi Columbus, Ohio, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Baada ya talaka niligundua mume wangu wa zamani alitumia kadi yangu na hakulipa, deni likauzwa kwa wakusanyaji madeni, skoa, yaani ile alama ya kuaminika kukopeshwa, ikaanguka mpaka 530 nikawa nakataliwa nyumba. Lile deni nimeshalimaliza. Sasa kuna ndugu mmoja Mswahili mwenzetu anafundisha watu kujenga krediti kwa dola 150, akaniambia nifungue kadi nyingi, linki ananitumia yeye na kila nikikubaliwa anapata bonasi. Ndani ya miezi mitano ninazo saba. Akasema kila mwezi niache salio kidogo nisilipe zote, ndo skoa inapanda. Nilipouliza habari ya riba akasema hapa ni darul harb, yaani nchi ya vita, baina yetu na makafiri hakuna riba, na zile kadi za dipoziti, unazoweka hela benki kwanza ndo upewe, ni hela yangu mwenyewe. Saa hizi nadaiwa dola 3,140, mwezi uliopita nilitoa kashi kwa kadi moja nikalipa nyingine, na skoa imeshuka tena pointi 38. Mama yangu namtumia dola 300 kila mwezi, hajui chochote. Kwenye grupu mwingine ananiambia niache kulipa tu, benki ni ya makafiri. Silali sheikh. Nina dhambi? Nizikate zote? Na swala zangu zinakubaliwa?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Hili ni swali la nne la namna hii tangu Ramadhani, yote yanatoka kwa kina mama wa huko huko na maneno mliyoambiwa ni yaleyale, kwa hiyo nimeona nijibu kwa urefu kidogo mnivumilie.

Kwanza la swala, nikutulize. Swala yako ni swala. Deni haliharibu udhu wala swala, na hata aliyeingia kwenye riba akaswali kwa masharti yake hatumwambii arudie. Usije ukaacha kuswali kwa sababu unajiona mchafu, shetani anapenda sana mtu akifika hapo.

Uharamu wa riba sikusomei, aya za Baqara kuanzia 275 mpaka 279 unazijua na ndo hizo zinakunyima usingizi. Ninachotaka kukijibu ni hayo maneno uliyolishwa, na naanza na hili la kuacha salio manake ndo lililoniudhi kuliko yote.

Hebu liangalie vizuri. Benki imekwambia umenunua vitu vya dola 80, stetimenti ikitoka una siku zisizopungua 21, ukilipa zote 80 hatukudai hata senti ya ziada. Yaani mlango wa kutoka bila riba uko wazi mbele yako. Alafu anakuja Muislamu anakwambia usitokee hapo, lipa 50 acha 30 zikae! Hapo hakuna dharura wala aliyekulazimisha, hela ya kulipa unayo mkononi, unaiachia riba izaliwe kwa hiari yako ukidhani kuna kitu unajenga. Fakihi gani, wa madhhab gani, kahalalisha hii? Wale waliolegeza kabisa mambo ya kadi, wote sharti lao la kwanza ni ulipe kila kitu kabla riba haijaanza, sasa huyu katoa wapi yake?

Na ni uongo hata kwenye hesabu za dunia, hili ndo linaniuma zaidi, watu wanaingizwa haramu kwa ahadi ambayo haipo. Ile skoa ya FICO inayokwenda 300 mpaka 850 haina mahali inapouliza umelipa riba kiasi gani. Asilimia 35 inaangalia kama unalipa kwa wakati, 30 unadaiwa kiasi gani na hapo limiti zako, kile kiwango cha juu unachoruhusiwa kukopa, ndo zinapigiwa hesabu, 15 umri wa akaunti zako, 10 akaunti na maombi mapya, 10 aina ya mikopo. Basi. Kwa kawaida benki inapeleka kwa Equifax, Experian na TransUnion, makampuni yanayotunza rekodi za mikopo ya watu, kile kilichoandikwa kwenye stetimenti, kwa hiyo ukiweka mafuta ya gari dola 40 kwa kadi, stetimenti ikatoka na hizo 40, ukalipa zote kabla ya tarehe, imeshaonekana kadi inatumika na inalipwa. Riba haikuongezei hata pointi moja. Nasema hivi kwa kuwa na mimi nimeishi huko miaka tisa, nilinyimwa nyumba nikiwa na mke na mtoto mchanga kwa sababu sikuwa na historia yoyote, nikajenga kwa kadi moja ya dipoziti ya dola 300, sikulipa riba hata siku moja.

Kuna na jambo nadhani hawakukwambia. Ukishaacha salio, ule muda wa msamaha, zile siku za kulipa bila riba, kwa kawaida unaondoka, kila unachonunua baada ya hapo kinaanza kuhesabiwa riba siku ileile, hata maziwa ya mtoto. Kwa hiyo hiyo "kidogo" aliyokwambia uache imeitia riba manunuzi yako yote kwenye kadi hiyo. Na kutoa kashi kwa kadi hakuna msamaha tangu mwanzo, riba inaanza pale pale noti zinapotoka kwenye mashine na ada juu yake. Hilo la kutoa kashi ni haramu waziwazi, sioni njia ya kulitafutia udhuru, uliache leo.

Kushuka kwa pointi 38 nako sio ajabu wala sio bahati mbaya. Umeomba mara saba ndani ya miezi mitano, kila ombi linaacha alama kwenye ripoti kwa miaka 2, umri wa wastani wa akaunti zako umekuwa wa kitoto, na kadi za limiti ndogo ukiacha salio zinaonekana zimejaa mpaka mdomoni. Mtu aliyetoka kwenye deni la mkusanyaji juzi akionekana anaomba kadi saba, mkopeshaji yeyote anasema huyu ana shida. Hata muuza duka wa Mwembe Tayari ukimkopa, akasikia umekopa na kwa jirani zake sita wiki hiyohiyo, atafunga daftari.

Sasa darul harb. Sitasema ndugu yenu kayazua, yana asili. Imam Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad bin Hasan walisema hakuna riba baina ya Muislamu na harbi, yaani kafiri wa nchi ya vita, katika darul harb. Lakini Abu Yusuf, naye ni mwanafunzi wa Abu Hanifa, hakukubali, na Malik, Shafi na Ahmad wote wanasema riba ni haramu popote ulipo na yeyote uliye naye. Hadithi inayotegemewa hapo ni ya Makhul, ni mursal, yaani hakumtaja sahaba aliyeipokea kwa Mtume, na Imam Nawawi ameidhoofisha. Tuseme basi tumewafuata Mahanafi leo, sisi watu wa pwani tuliokua kwenye Shafi tangu chuoni. Ibn al-Humam, na huyo ni Mhanafi mkubwa, anaeleza katika kitabu chake Fathul Qadir kwamba kilichokusudiwa ni pale ziada inapoingia kwa Muislamu. Wewe dada yangu ziada inaingia wapi? Inatoka kwako, inatoka kwenye mshahara wa kuwabeba wazee kitandani usiku kucha! Kwa hiyo kauli yenyewe anayoishika haimfai, kaishika kwa mkia. Na nchi uliyoingia kwa viza, ukapewa amani, watoto wako wanasoma shule zao na msikiti wenu una adhana, utaiitaje uwanja wa vita pale tu bili inapofika?

Hilo la dipoziti nitapita haraka. Zile dola 200 ulizoweka ni rehani tu, hutumii hizo. Unachotumia ni mkopo wa benki na ukichelewa riba inakuja kama kadi nyingine yoyote. Ingekuwa unatumia hela yako mwenyewe wangekudai nini mwisho wa mwezi?

Na huyo wa usilipe, naomba msimsikilize kabisa. Mtume swalla Llahu alayhi wasallam alifariki na deraya yake iko rehani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri, hakusema ni Myahudi basi deni limekufa. Alipohama Makka alimwacha Ali arudishe amana za Makureshi, watu waliokuwa wanataka kumuua. Na shahidi aliyekufa vitani anasamehewa kila kitu isipokuwa deni. Nani leo atamwambia mama wa watoto wawili kwamba lake litapotea hivihivi?

Tuje kwenye hukumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokaa Riyadh mwaka 2000 lilisema kadi ya mkopo yenye sharti la riba ukichelewa haifai kuichukua wala kuitumia, hata kama nia yako ni kulipa ndani ya muda, manake umesaini sharti la haramu. Ni kauli nzito na siidharau. Wapo wanavyuoni wengine, baadhi wanaishi huko huko Marekani, wameruhusu kwa mwenye haja ikiwa ana uhakika wa kulipa zote kabla ya riba, na mimi kwa watu wa huko naelemea kwa hawa kwa kuwa nimeona kwa macho mtu bila skoa anavyozungushwa kwenye nyumba, bima ya gari, mpaka laini ya simu. Lakini haja inapimwa kwa kadiri yake. Kadi moja ni haja, ya pili nitakusikiliza, zilizobaki hazina haja yoyote kwako, haja iko kwenye bonasi ya aliyekutumia linki. Kwa hiyo dhambi ipo, kwenye kuacha salio kwa makusudi na kwenye ile kashi, na imepungua uzito kwa kuwa uliuliza ukadanganywa na mtu uliyemwamini. Tubu na uazimie kutorudi. Riba iliyokwisha kuandikwa jaribu kuiombea ipunguzwe, wakikataa lipa utoke, ukiikimbia wataizidisha na faini juu.

Kuzikata zote leo sikwambii. Ukikata plastiki deni linabaki. Zitie kwenye bahasha umpe rafiki yako wa msikitini akae nazo, chakula na mafuta nunua kwa hela iliyomo benki. Kila kadi iwekee malipo ya chini yajilipe yenyewe kutoka akaunti yako, kwa sababu ukichelewa siku 30 inaandikwa na inakaa miaka 7, umeshayaonja hayo kwa makosa ya mtu mwingine. Alafu kila dola ya ziada ipeleke kwenye ile iliyotoka kashi mpaka iishe, ndo uende yenye riba kubwa inayofuata. Ujue tu dola 1,000 kwa riba ya asilimia 30 inazaa kama dola 25 kwa mwezi, ukilipa 35 za chini deni limepungua 10, ndo maana unaona unalipa na halisogei. Piga simu kwa kila benki useme ukweli kwamba umezidiwa, uombe wakushushie riba, mara nyingi wanao mpango huo na hawautangazi. Wapo pia washauri wa madeni wa mashirika yasiyo ya faida wanaokuongelea na benki. Ila anayetaka hela kwanza kwa ahadi ya kukusafishia ripoti mkimbie, sheria ya huko ya mwaka 1996 inamkataza. Ripoti yako unaipata bure kila wiki, itazame kama lile deni la mume wako limeandikwa limelipwa.

Kadi ikiisha deni ifunge, anza na zenye ada ya mwaka, za dipoziti watakurudishia hela yako. Bakisha ile ya zamani kuliko zote. Skoa inaweza kushuka kidogo ukifunga, iache ishuke.

Na usikope kadi kulipa kadi tena, ukikopa kopa kwa watu. Kina mama wa kwetu popote walipo wana mchezo, najua na nyinyi mnao hapo, nenda uombe upewe zamu ya mwanzo, waambie sababu usione haya. Kama una bangili ya dhahabu uza, utanunua nyingine. Na nenda kwa imamu wenu umweleze, mwenye deni asiyeweza kulilipa amo katika wale wanane wa Suratu Tawba aya ya 60, zaka ni haki yake. Wewe uliyekuwa unatoa kila mwaka unaona vibaya kupokea, na Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyekutaja.

Limebaki la mama, na nahisi hili ndo zito kwako. Mpigie Jumapili akiwa ametulia umwambie yote, kadi, talaka ilivyokuacha, kila kitu, umwombe kwa miezi minane umtumie 100. Unavyoniandikia unamficha ili asiumie, lakini Mtume alikuwa akijikinga na deni kwenye swala yake na alipoulizwa akasema mtu akidaiwa huongea akasema uongo, huahidi akavunja. Mimi sijakutana na mama wa pwani anayetaka dola 200 zaidi na mwanawe halali usiku. Ndugu zako walioko Mombasa nao wana mikono, waambie wachangie, mzigo wa mama sio wako peke yako kwa kuwa uko Marekani.

Huyo ndugu wa linki niandikie namba yake kwa siri. Nataka niongee naye mwenyewe, kabla hajamfikia wa tano.