Kabla Hujaagiza Kamera za Joto

Vijana wananiletea ripoti za soko la kamera za joto za kijeshi, zinazoona usiku kwa kusoma joto badala ya mwanga, grafu imepanda kama Rwenzori, wakitaka kuagiza mzigo wauze Kampala. Kazi yangu ni kufunga kamera za ulinzi, na jibu langu ni lile lile: pesa inayosemwa mle haipiti dukani kwako.

Sehemu nono ya soko hilo ni mifumo yenye vihisi vinavyopoozwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri, ya kufungwa kwenye ndege, droni na vifaru. Vita vya Ukraine vimeizidishia wanunuzi, lakini wanunuzi wenyewe ni serikali, na kuuza kunataka leseni. Kanada ilipozuia kamera za Wescam, kampuni iliyoko huko, kwenda Uturuki mwaka 2020, hata watengenezaji wa Bayraktar, droni za kivita za Uturuki, waligeukia za Aselsan, kampuni ya kwao. Wewe wa duka la Ntinda, hapa Kampala, utapenya wapi?

Kilicho chetu ni kamera zisizopoozwa. Zilianza kama siri ya jeshi la Marekani. Leo mwenye ranchi Nakasongola anaitundika nguzoni kuwavizia wezi wa ng'ombe. Bei yake lakini bado inayumbishwa na wakubwa: lenzi nyingi ni za jemaniamu, elementi inayopitisha mionzi ya joto, China ndiye mzalishaji wake mkuu, na tangu Agosti 2023 haitoki huko bila kibali. Usimwahidi mteja bei ya miezi sita ijayo.

Wengi huponzwa na kilomita. Kipeperushi kinasema kamera inaona mtu kilomita 2. Sawa, inamwona vipi? Tangu utafiti wa John Johnson wa jeshi la Marekani, mwaka 1958, kugundua kuna kitu ni hatua moja, kujua ni mtu wala si ndama ni nyingine, na kujua ni mtu wa namna gani ni nyingine tena. Kilomita 2 za kipeperushi kwa kawaida ni za hatua ya kwanza: doa jeupe. Kwa vipimo vya Johnson, hatua ya tatu inakurudisha kwenye mita 300 hivi. Na sura ya kupelekea polisi usiitegemee hapo. Weka kamera ya kawaida pembeni.

Mteja simwonyeshi usiku tu, maana usiku kila kamera ya joto inapendeza. Namwita saa nane mchana, udongo ukiwa na joto la kukaribia la mwili na mtu hapambanuki vizuri, halafu siku ya mvua. Askari mmoja wa getini aling'ang'ania kamera iwekwe ndani ya kibanda, nyuma ya dirisha. Tuliwasha, tukajiona wenyewe: mionzi ya joto haipenyi kioo cha kawaida.

Ukiagiza Marekani, zile za fremu (picha) 9 kwa sekunde zina masharti mepesi ya kuuzwa nje kuliko za 30 au 60, na kwa kulinda zizi zinatosha. Za droni ni habari nyingine: anzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Entebbe, kabla hujatuma hata shilingi.