Mume yuko jeshini Marekani, mke bado Likoni

SWALI: Shikamoo mjomba. Mume wangu ni mwanajeshi wa Marekani, yuko kambini Texas. Tulifunga ndoa mwezi uliopita akarudi kazini, mimi nasubiri visa. Nina mimba, na kila kliniki nalipa mfukoni. Bima yake itanifikia huku? Na mama yake aweza kuingizwa?
– Mke wa Askari, Likoni

JIBU: Marahaba, binti yangu. Itakufikia, ila kwanza jina lako liingie DEERS, daftari la jeshi. Hapo mwenye kazi ni mumeo: aende ofisi ya vitambulisho kambini na cheti cha ndoa, cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho chako. Vijana wetu wakishavaa magwanda hudhani jeshi lajua mambo yao yote. Halijui umeoa mpaka ulete karatasi.

Kisha akuandikishe TRICARE Select ya ng'ambo, ndiyo bima ya afya ya jeshi kwa familia zilizo nje ya Marekani. Mna siku 90 tangu siku ya ndoa, na mwezi mmoja mshautumia. Zikipita, itabidi mngoje nafasi nyingine ya kujiandikisha. Mkiwahi, bima huhesabiwa tangu siku mliyooana, kwa hiyo hizo risiti za kliniki usizitupe.

Huko Likoni utalipa kwanza, kisha mtadai. Kuna kiasi cha mwanzo wa mwaka mtakachobeba wenyewe. Baada ya hapo wewe hubaki na asilimia 20 ya gharama inayokubaliwa. Dai hupelekwa kwa fomu DD 2642, pamoja na ankara inayotaja ugonjwa au huduma, tarehe na bei ya kila kitu. Ujumbe wa M-Pesa peke yake haufai: waonyesha pesa zilikotoka na zilikoenda, hauonyeshi umetibiwa nini. Muda wa kudai ni miaka 3 tangu siku ya huduma, lakini zile risiti nyembamba za mashine hufutika kwa joto la Mombasa, basi zipige picha siku hiyohiyo.

Mtoto akizaliwa huko, aandikishwe DEERS ndani ya siku 120. Cheti chake kishughulikie mapema.

Mama mkwe wako hapati TRICARE. Mzazi anayetunzwa na mwanawe kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake aweza kutibiwa hospitali za jeshi nafasi ikiwepo, jambo ambalo kwa mtu wa Mombasa halina faida yoyote. Mwandikishe SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na mumeo awe anamlipia mchango.